Watumishi Hewa Ardhini: Nani Hasa Yuko Kazini?

Chukua kijiko cha udongo kutoka shamba lolote unalolijua. Kwa gramu moja tu tunazungumzia mamia ya mamilioni ya bakteria, na mara nyingi bilioni na zaidi. Sasa jiulize swali dogo: kati ya hao wote, wangapi wako kazini muda huu? Sijauliza wangapi wapo. Nauliza wangapi wanakula, wanapumua, wanajenga protini, wanagawanyika.

Ukienda kwenye machapisho utakuta majibu mawili ambayo hayakai meza moja. Mwaka 2013 Evgenia Blagodatskaya na Yakov Kuzyakov walipitia tafiti nyingi za udongo wakahitimisha kwamba vijidudu vilivyo kazini ni kati ya asilimia 0.1 na 2 ya vijidudu vyote kwa uzito, na ni nadra kuvuka asilimia 5. Mwaka 2019 kundi lililoongozwa na Estelle Couradeau likaja na mbinu mpya, likapima, likapata asilimia 25 hadi 70. Yaani kwa wa kwanza, shamba lako ni kama ofisi ya serikali siku ya sikukuu. Kwa wa pili, ni soko la Kariakoo saa nne asubuhi.

Tofauti kama hiyo huwezi kuisingizia makosa ya kupima. Halafu zote mbili ni kazi nzuri, zimesomwa na kunukuliwa sana. Ninacholalamikia hapa ni sisi tunaozinukuu. Mwanafunzi akitaka kuonyesha kwamba udongo umelala, anachukua namba ya kwanza. Akitaka kuonyesha kwamba udongo unachemka, anachukua ya pili. Kila mara neno ni lile lile, "vijidudu hai vinavyofanya kazi", kana kwamba vipimo vyote vinapima kitu kimoja. Havipimi kitu kimoja, na nadhani msomaji wa kawaida ana haki ya kuonyeshwa vinatofautiana wapi, kwa sababu maamuzi kuhusu maji, mbolea na hata mifano ya tabianchi yanajengwa juu ya neno hilo.

Tuanze na DNA, maana ndiko wengi wetu tunakoanzia na wengi ndiko tunakoishia. Unachukua udongo, unatoa DNA, unasoma kipande cha jeni kinachotofautisha aina moja ya bakteria na nyingine, kompyuta inakupa orodha. Fulani asilimia 12, fulani asilimia 7, na kuendelea. Orodha hiyo ni daftari la mishahara. Jina lipo, cheo kipo, namba ipo. Kama mwenye jina anafika kazini, daftari halisemi.

Mwaka 2016, wakati serikali ya Tanzania ilikuwa ikihakiki daftari lake na kuondoa watumishi hewa, Paul Carini na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha uhakiki wa namna hiyo kwa udongo. Walitumia kemikali iitwayo PMA. Seli ikiwa nzima, PMA haiingii. Seli ikiwa imepasuka, au DNA ikiwa imezagaa tu nje, PMA inaifikia, na ukiimulika kwa taa kali inajifunga kwenye DNA hiyo kiasi kwamba haisomeki tena. Ukilinganisha orodha kabla na baada ya PMA, unajua marehemu walikuwa wangapi. Kwa wastani, asilimia 40 ya DNA ya bakteria na kuvu waliyoitoa udongoni ilikuwa ya masalia. Idadi ya aina iliyoonekana ilikuwa imevimbishwa, na mahali pengine uvimbe huo ulifika asilimia 55.

Hapo watu walishtuka, na kwa haki. Lakini mwaka 2018 Jay Lennon na wenzake walikuja na hoja iliyotuliza mambo: hata DNA ya masalia ikiwa nyingi, si lazima ipotoshe hesabu ya aina, kwa sababu marehemu mara nyingi wanafanana na jamaa zao waliobaki hai. Wakifa wote kwa kasi moja na DNA yao ikaoza kwa kasi moja, sura ya jamii haibadiliki. Hoja hiyo naikubali. Ila angalia inajibu swali gani. Inajibu "kuna aina ngapi?" Swali la nani anafanya kazi limebaki pale pale. Hata PMA yenyewe haiwezi kulijibu, kwa sababu kinachobaki baada ya kuondoa maiti ni walio wazima wa mwili tu. Humo kuna spora iliyojifunga miaka kumi, kuna bakteria mwenye njaa aliyejikunyata, na kuna yule anayekula kwa pupa. Kwa PMA wote watatu ni sawa.

Kwa hiyo watu wakahamia kwenye RNA, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kosa linalojirudia zaidi kwenye tasnifu zetu.

Wazo lenyewe linavutia. Ribosomu ndiyo mtambo wa kutengeneza protini, na ribosomu imejengwa kwa RNA. Bakteria anayefanya kazi sana anahitaji ribosomu nyingi. Basi badala ya kusoma jeni kwenye DNA, soma RNA ya ribosomu. Au bora zaidi, gawanya RNA kwa DNA, na kila mwenye uwiano mkubwa mpe cheo cha "yuko kazini". Ni rahisi, vifaa ni vile vile, gharama inaongezeka kidogo tu.

Mizizi ya wazo hili ni imara. Mwaka 1958, huko Copenhagen, Schaechter, Maaløe na Kjeldgaard walionyesha kwamba Salmonella wakipewa chakula bora zaidi wanakua kwa kasi zaidi, na kadiri wanavyokua kwa kasi ndivyo kila seli inavyobeba RNA nyingi. Ni moja ya kazi safi kabisa katika historia ya mikrobiolojia. Lakini soma sentensi hiyo tena polepole: aina moja ya bakteria, maabara, chakula tele, ukuaji uliotulia. Kutoka hapo sisi tumeruka hadi aina maelfu, udongoni, njaa tupu, hali inayobadilika kila saa. Nani alituruhusu?

Mwaka 2013 Steven Blazewicz, Romain Barnard, Rebecca Daly na Mary Firestone waliandika tathmini ambayo kila anayepanga kutumia RNA angepaswa kuisoma kabla hajanunua hata tyubu moja. Hoja zao ni za kawaida tu, na labda ndiyo maana zinauma. Uhusiano kati ya RNA na kasi ya ukuaji haufanani kutoka aina moja hadi nyingine. Hata kwa aina moja, unaweza kuvunjika kasi ikishuka sana, na udongoni kasi karibu kila mara iko chini. Waliolala wanaweza kuwa na ribosomu nyingi. Tena ukuaji ni sehemu moja tu ya kazi. Kuna bakteria anayekula ili kujirekebisha, bila kukua hata kidogo.

Hilo la waliolala lina mfano wa kushangaza. Kuna sianobakteria anaitwa Aphanizomenon ovalisporum, anaishi majini. Hali ikiwa mbaya anatengeneza seli maalumu za kulala zinazoitwa akineti. Assaf Sukenik na wenzake waliripoti mwaka 2012 kwamba seli hizo za usingizi zinajaza ndani yake nakala nyingi za jenomu na ribosomu nyingi kuliko seli za kawaida zinazokua. Ukipima RNA peke yake, utamtangaza aliyelala kuwa ndiye mchapakazi wa ziwa zima. Kwa akineti ni akili: anajiwekea akiba ili siku ya kuamka asipoteze muda. Ribosomu ni majiko. Mama lishe anaweza kuwa na majiko sita bandani kwake, yamepangwa, mkaa umo. Ukipita saa nane za usiku ukayahesabu, huwezi kusema sasa hivi kuna watu sita wanapikiwa.

Je, tuitupe RNA? Hapana, na mtu mzuri wa kutuonyesha ni Firestone huyo huyo. Mwaka 2012, pamoja na Sarah Placella na Eoin Brodie, alichapisha utafiti wa udongo mkavu wa California ulioloweshwa baada ya kiangazi. Walifuata RNA ya ribosomu ya kila kundi saa baada ya saa. Wengine waliongezeka ndani ya saa moja tu. Wengine kati ya saa 3 na 24. Wengine walisubiri mpaka kati ya saa 24 na 72. Unaona tofauti? Hawakumlinganisha bakteria huyu na yule. Walimlinganisha kila mmoja na nafsi yake ya jana. Matumizi hayo ni halali. Kinachoniudhi ni tasnifu yenye sampuli moja, siku moja, RNA kwa DNA, halafu kwenye kichwa cha sura imeandikwa kwa herufi nono: "Jamii ya vijidudu vinavyofanya kazi". Andika "vyenye uwezo wa kutengeneza protini". Ni maneno marefu zaidi lakini unaweza kuyatetea mbele ya mtahini.

Haya, sasa turudi kwenye yale majibu mawili.

Mbinu ya Couradeau inaitwa BONCAT. Unampa bakteria asidi amino ya bandia inayofanana na methionini. Anayejenga protini wakati huo anaichukua bila kujua na kuisokota ndani ya protini mpya. Asiyejenga haichukui. Baadaye unaleta rangi inayong'aa, ambayo kwa kemia ya kufungana kama kishikizo na kitundu chake inanasa kwenye ile asidi bandia peke yake. Seli zinazong'aa mashine inazitenga moja moja, na wewe unasoma DNA zao. Ni mbinu nzuri mno. Haidhani wala haikisii, inakamata seli ikiwa imeshika jembe mkononi.

Lakini ili asidi hiyo ya bandia imfikie bakteria, lazima iyeyushwe kwenye maji, na maji hayo yaingie kwenye udongo. Na ukimwaga maji kwenye udongo umefanya nini? Umeleta mvua.

Kuhusu hili hatuna haja ya kwenda mbali. Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki, alikuwepo mtafiti anaitwa H. F. Birch. Mwaka 1958 (ndiyo, mwaka ule ule wa Copenhagen) alichapisha makala kuhusu kukauka kwa udongo. Alionyesha kwamba udongo ukikaushwa kisha ukaloweshwa, unatoa kabonidioksidi kwa kishindo na kuachia nitrojeni, halafu unatulia. Ukaushe tena, uloweshe tena, kishindo kinarudi. Leo dunia nzima inaiita athari ya Birch, na imo kwenye mijadala ya tabianchi kwa sababu hewa ya ukaa inayotoka siku za mvua za kwanza si kidogo. Kwa mkulima wetu ni sehemu ya maelezo ya kwa nini mahindi yaliyopandwa mapema hupendeza: yanaikuta ile nitrojeni kabla mvua haijaisukuma chini ya mizizi.

Kwa hiyo maabara ikilowesha udongo ili kupima nani yuko kazini, inapiga kengele ya shule kisha inahesabu waliosimama mstarini. Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini ni hesabu ya waliosikia kengele. Walikuwa wanafanya nini dakika kumi kabla haijalia, hatujui.

Na ukirudi kwa Blagodatskaya na Kuzyakov, utakuta jambo ambalo wanukuu wengi wanaliruka. Hawakutoa namba moja. Waligawa makundi. Walio kazini hasa ni ile asilimia 0.1 hadi 2. Kando yao waliweka kundi la walio tayari, wanaoweza kuanza kula ndani ya dakika au saa chache chakula kikija, na kundi hilo walilikadiria kuwa asilimia 10 hadi 40, pengine hadi 60. Weka namba hiyo kando ya 25 hadi 70 ya BONCAT. Ghafla ugomvi unapungua. Inawezekana kabisa Couradeau alikuwa anapima, kwa usahihi mkubwa kuliko wote waliotangulia, kundi la pili.

Nasema pungua, sisemi isha. Kuna suala la kigawanyo pia, ambalo nakuomba usilipite haraka. Wale wa 2013 wanagawanya kwa uzito wote wa vijidudu udongoni. BONCAT inagawanya kwa idadi ya seli zilizoweza kung'olewa kutoka kwenye chembe za udongo na kupita kwenye mashine. Waliong'ang'ania ndani ya vitundu vya udongo hawamo kwenye hesabu, na huenda hao ndio wavivu zaidi, au wachapakazi zaidi. Asilimia isiyotaja ni asilimia ya nini ni sawa na bei isiyotaja ni kwa kilo au kwa debe.

Mkanganyiko huu ukitoka maabara ukafika kwenye habari, unazaa maajabu. Unakumbuka Julai 2020, katikati ya korona, habari ya vijidudu "vilivyoamka baada ya miaka milioni 100"? Chanzo chake ni makala ya Yuki Morono wa Japani, Steven D'Hondt wa Marekani na wenzao. Mwaka 2010 walikwenda Pasifiki ya Kusini, mahali ambapo bahari ni maskini wa chakula kuliko karibu kote duniani, wakachimba mashapo karibu mita 6,000 chini ya uso wa maji. Mashapo ya zamani zaidi yalikuwa ya miaka milioni 101.5. Waliwapa bakteria waliomo chakula chenye isotopu nzito za kaboni na nitrojeni, wakasubiri, kisha wakapima seli moja moja kwa mashine iitwayo nanoSIMS kuona nani amezimeza. Wengi walimeza, wakagawanyika, na ndani ya siku 68 idadi ikapanda hadi mara elfu kumi. Kwenye taarifa kwa vyombo vya habari Morono alisema hadi asilimia 99.1 ya vijidudu katika mashapo hayo ya kale walikuwa bado hai na tayari kula.

Kama jaribio, navua kofia. Lakini tazama neno lililotumika kwenye muhtasari wa makala yenyewe: walisema jamii hizi zimehifadhi uwezo wao wa umetaboli. Uwezo. Vichwa vya habari vikageuza uwezo kuwa usingizi, na usingizi kuwa ufufuo. Jaribio halisemi bakteria wale walikuwa wamelala fofofo. Halisemi pia kwamba walikuwa wakifanya kazi polepole muda wote huo. Halisemi hata kwamba seli yenyewe ina umri wa miaka milioni 101.5, huo ni umri wa mashapo, na seli ingeweza kubadilishwa na mtoto wake mara chache sana katika muda huo. Linachosema ni kwamba ukimpa chakula, anakula. Hiyo peke yake inatosha kukunyima usingizi, sioni kwa nini tuiongezee chumvi.

Nisije nikaonekana napinga kila kitu, kuna utafiti ambao kila nikiulizwa "basi ifanyikeje?" ndio ninaoutaja. Ni wa mwaka 2008, wa Niculina Musat na wenzake, kwenye ziwa Cadagno katika milima ya Uswisi. Walichagua bakteria watatu wanaotumia mwanga bila oksijeni, wakawapa maji yenye kaboni na nitrojeni nzito, wakaangalia seli moja moja huku wakijua kila seli ni ya nani. Mmoja wao, Chromatium okenii, alikuwa kama asilimia 0.3 tu ya seli zote. Huyo huyo alichukua zaidi ya asilimia 40 ya amonia na asilimia 70 ya kaboni iliyoingia kwenye mfumo ule. Kwenye daftari la DNA angeandikwa mkiani, chini ya "wengineo". Na hata ndani ya aina moja, seli zilitofautiana sana. Ndugu wawili, mmoja anahangaika, mwingine amekaa.

Kwa nini hapa naamini na kule nasita? Kwanza, ziwa tayari ni maji, kwa hiyo chakula chenye alama hakiji na mvua. Pili, walipima kiasi kilichoingia ndani ya seli, hawakuishia kwenye ndiyo au hapana. Bado nina neno. Chromatium okenii ni bakteria mkubwa sana kwa mwili, na ukihesabu vichwa badala ya uzito unamfanya aonekane mdogo kuliko alivyo, ile 0.3 inapendeza kidogo kupita kiasi. Halafu kuongeza amonia, hata kidogo, kwenye maji yenye njaa nako ni kupika futari na kuuliza nani ana hamu ya kula.

Sasa, nanoSIMS ni mashine ya bei ambayo mwanafunzi wa Morogoro, Kampala au Eldoret hataiona kwenye maabara yake karibuni. Je, tukae tu na daftari letu la DNA? Mimi nadhani tumedharau vipimo vya kazi ambavyo tayari tunavyo. Bwana shamba anayeng'oa mche wa soya na kupasua kinundu cha mzizi kwa wembe anapima kazi ya bakteria papo hapo: ndani pakiwa na wekundu wa pinki, kuna leghemoglobini na nitrojeni inafungwa, pakiwa peupe au pa kijani, mbegu ilipakwa bakteria lakini hakuna kinachofanyika. Ukisoma DNA ya vinundu hivyo viwili unaweza kupata jina lile lile. Vivyo hivyo, chupa iliyofungwa yenye udongo na kikombe kidogo cha hidroksidi ya sodiamu cha kunasa kabonidioksidi itakuambia kazi kiasi gani imefanyika kwa usiku mmoja. Haitakuambia nani kaifanya, ila itakuzuia usiseme udongo umekufa wakati unapumua.

Kwenye maji ya kunywa, kuchanganya maana hizi kuna gharama ya pande zote mbili. Maji yaliyotiwa klorini yanaweza kutoa DNA ya E. koli ambao tayari ni maiti, na mtu akafunga kisima bila sababu. Upande mwingine, mwaka 1982 Huai-Shu Xu, Rita Colwell na wenzao walionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu na E. koli wanaweza kuingia katika hali ambayo wako hai lakini hawaoti kwenye sahani ya maabara. Sahani safi, bakteria yumo. Kipimo cha kwanza kinamhesabu marehemu, cha pili kinamruka aliye hai, na kwenye ripoti ya mtaa vyote viwili vinaandikwa kwa kalamu moja: "vijidudu vimeonekana" au "havikuonekana".

Kwa hiyo ukikutana na makala nyingine inayotangaza nani yuko kazini udongoni, tafuta kwanza sehemu ya mbinu, si muhtasari. Waliongeza maji kiasi gani, na udongo ulikuwa mkavu kiasi gani kabla? Walisubiri saa ngapi? Asilimia ni ya nini? Mara nyingi majibu yapo, yamezikwa kwenye kurasa za nyongeza, na yakifukuliwa yanabadilisha kichwa cha habari kizima.

Kuhusu maji, kuna watu wanaolishughulikia. Mwaka 2020 Alberto Canarini na wenzake, wengi wao wa Vienna, walichapisha njia ya kumfikia bakteria wa udongo mkavu bila kumnyeshea. Maji yenye oksijeni-18 yanawekwa kando, hayagusi udongo. Mvuke wake ndio unaoingia polepole na kujichanganya na unyevu kidogo uliokuwemo. Anayetengeneza DNA mpya anaibeba oksijeni hiyo nzito ndani yake, na udongo unabaki karibu na ukavu wake. Tatizo la Birch linapungua sana. Linalobaki ni kwamba njia hii inaona DNA mpya tu, yaani ukuaji. Bakteria anayekula ili asife, bila kugawanyika, hapo haonekani kabisa. Kumpata huyo inabidi turudi kwenye BONCAT, pamoja na maji yake.